Fundi Aliyesikiliza Magari kwa Mwiko

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliingia Dar es Salaam kwa miguu yangu miwili, na madebe mawili ya asali ya Liwale mabegani, nikayauza yote mawili kabla sijajua soko lenyewe liko wapi. Shule nilisoma miaka miwili, na mwaka wa pili mwalimu alikuwa mgonjwa. Leo nina duka la milango miwili Mtaa wa Kongo, na wenye vyeti vyao huja kuniomba niwakopeshe sukari. Nimeona chui akitoka ndani ya gunia la korosho. Nimeona Mzungu akilia mnadani kwa sababu ya kiti. Yote hayo niliyatazama, nikatikisa kichwa, nikaendelea na kazi yangu. Aliyenishangaza ni mtu mmoja tu, fundi wa magari wa Mtaa wa Sikukuu, na hata yeye ni mara moja tu.

Kwao wapi, sijui. Kariakoo ya siku zile ukimwuliza mtu kwao ulipata hadithi tatu, kila moja na shahidi wake, kwa hiyo mwenye akili hakuuliza. Jina alikuwa nalo, ila halikutumika. Wengine walikuwa fundi cherehani, fundi saa, fundi seremala. Yeye alikuwa Fundi, basi. Ukisema "nampeleka kwa Fundi", hakuna aliyeuliza fundi gani.

Kazi yake aliifanyia uani, chini ya banda la makuti lililotosha magari mawili yakibanana. Vyombo vyake vilikuwa vichache: spana, bisibisi, nyundo mbili, jeki moja iliyokuwa ikishuka taratibu yenyewe kama mtu mwenye usingizi, na mwiko. Ndiyo, mwiko. Ule mrefu wa mvule, wa kupikia pilau ya harusi. Gari likifika aliliacha likinguruma, akaweka ncha moja ya mwiko juu ya injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Akishasikia alichotaka, alihamisha mwiko kidogo, akasikiliza tena. Madereva wa teksi waliokuwa wakingoja zamu walimuuliza, "Fundi, limeiva?" Naye, bila kufumbua macho, aliwajibu, "Bado chumvi."

Mwiko wenyewe ulikuwa mali ya mkewe. Harusi ikiwepo mtaani, mkewe alikuja kuuchukua kwa ajili ya sufuria za shughuli, na magari yalingoja mpaka watu wamalize kula, wanawe mikono, mwiko uoshwe, urudi. Jamaa yangu mmoja teksi yake ililala pale siku mbili kwa sababu kulikuwa na harusi mtaani Gerezani. Alipokwenda kulalamika, Fundi alimwambia kwa upole kwamba angesema mapema, angemletea sahani ya pilau.

Tulimcheka, lakini tulimpelekea magari. Na hapo ndipo penye ugumu wa kumweleza mtu yule. Ukimtazama ungesema ni mganga wa ramli. Ukilichukua gari lako ungesema ni mganga kweli.

Kabla ya kugusa nati yoyote alikuwa na maswali mawili, na alimuuliza kila mtu, awe karani, awe mchukuzi wa mawe. "Umeongeza nini? Umepunguza nini?" Basi. Alisema gari halianzi ugonjwa bila sababu. Ama kuna kitu kimeingia ama kuna kitu kimetoka, na mwenyewe ndiye ajuaye. Kuna bwana mmoja alileta gari ambalo asubuhi lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe. Aliapa hajaongeza wala kupunguza kitu. Fundi akamtazama, akamuuliza analala wapi siku hizi. Yule bwana akasema amehamia Ilala mwezi uliopita, zamani alikuwa akikaa kwa mkwewe Kisarawe. Nyumba ya mkwewe ikoje? Iko juu ya mteremko. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Umepunguza kilima, bwana," alimwambia. "Gari lako bovu tangu zamani. Mteremko ndio uliokuwa ukikufichia."

Kwa mtu wa akili kama hiyo, utashangaa kusikia habari ya baiskeli yake. Alikuwa nayo moja, nyeusi, na mnyororo wake ulichomoka kila Ijumaa palepale mbele ya msikiti, watu wakiwa wanatoka. Kila Ijumaa aliinama akaurudisha kwa kijiti. Miaka yote niliyomjua hakuutengeneza. Nilimuuliza siku moja vipi, akasema baiskeli ni yake, haina haraka, wateja ndio wenye haraka. Na magari aliyoyaponya kwa mikono yake aliyaogopa kama simba. Kulijaribu gari alilizungusha Sikukuu, akakata kona, akarudi, gia ya kwanza na ya pili, basi, mikokoteni ya viazi ikimpita na wasukumaji wake wakimpungia mkono.

Nisisahau usafi wake, maana ndio uliokuja kutuponza. Mtu yule alishinda kwenye oili na grisi, lakini hukumkuta na kucha nyeusi. Alinawa kwa majivu na ndimu, akanusa vidole, akanawa tena. Na cha mtu hakukichafua. Akikuta koti ndani ya gari, au msala, au mto wa kukalia, hakukigusa kwa mikono ya kazi. Alimwita mkewe, mkewe akakitoa, akakikung'uta, akakikunja, akakiweka ndani juu ya kitanda mpaka kazi iishe na gari lijaribiwe. Ndipo kinarudishwa mahali pake kama kilivyokuwa. Sisi tulimsifu kwa hilo. Mimi nilimsifu kuliko wote.

Sasa nije kwenye gari langu la jipu.

Nililinunua kwa Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa limetoka jeshini, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, linapanda mchanga na tope kama mbuzi apandavyo jiwe. Kariakoo nzima walioniona siku ile wanaweza kukuambia. Niliendesha mwenyewe, nimejifunza mwenyewe, kwa siku nne. Nililifungia tela, nikawa nakwenda Maneromango kila wiki kuchukua nazi na machungwa, njia ambayo malori ya wenzangu yalikuwa yakiishia Kisarawe mvua ikinyesha. Nazi zangu alizipokea mwenye duka mmoja wa Mchafukoge, mtu wa saa. Tulikubaliana kila Alhamisi kabla ya adhuhuri. Akikosa nazi Alhamisi mbili, ananunua kwa mwingine. Biashara yangu yote ya mwaka ule ilikaa juu ya neno hilo.

Na kwa kuwa nilikuwa nimetembea peku miaka mingi ya maisha yangu, nililitendea jipu heshima. Nilikwenda Mchafukoge nikanunua zulia jekundu la maua, nene, la kuweka sebuleni, nikalikata kwa kisu likaenea chini mbele yote, ukuta hadi ukuta. Chini ya zulia nikatandika jamvi ili lisiliwe na kutu. Chini ya jamvi, gunia, ili jamvi lisipate unyevu. Aliyepanda jipu langu alivua viatu. Nilimvulisha hata karani wa bandari.

Wiki chache baadaye gia ikaanza kunisumbua. Ya pili ilikuwa inagoma. Nakanyaga klachi, nasukuma, inasaga kama jiwe la kusagia mtama. Wakati mwingine inaingia kwa nguvu, wakati mwingine haiingii kabisa, na kwenye mlima usipopata gia ya pili huna mlima. Nikampelekea Fundi.

Akaniuliza umeongeza nini, umepunguza nini. Nikamwambia mimi ni mtu wa kutunza vitu, sijaongeza wala kupunguza hata nati. Akaridhika. Mkewe akatoa zulia langu, akatoa jamvi, akatoa gunia, akavikunja vizuri. Fundi akasikiliza kwa mwiko, akakaza klachi kidogo, akazunguka nalo Sikukuu. Gia ikaingia kama kidole ndani ya asali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa pembeni yake. Akanawa, mkewe akatandika vyangu, nikalipa, nikaondoka. Kufika Mnazi Mmoja, inasaga.

Nikarudi. Akashangaa. Akafungua, akaweka oili nyingine, akajaribu, safi. Nikaondoka, inasaga. Nikarudi mara ya tatu. Safari hii alilala chini ya jipu kutwa nzima na hakuitikia mzaha wa madereva. Akabadilisha sahani ya klachi, mpya, niliyoinunua mwenyewe. Akajaribu mara tatu, safi mara tatu. Aliponikabidhi hakutaka malipo. Alisema, "Likikusumbua tena, Bwana Asali, basi mimi na wewe mmoja wetu hasemi kweli, na gari halijui kusema uongo." Watu waliniita Bwana Asali tangu siku zile za madebe, na mimi sikukataa.

Jumatano iliyofuata nilikuwa narudi na tela limejaa nazi. Milima ya Pugu, napanda, nataka gia ya pili, inagoma. Nikabaki bila gia, jipu likaanza kurudi nyuma, tela likageuka upande, likalala. Nazi zikashuka mlima zote, zingine mpaka leo sijui zilifika wapi. Wenyeji walinisaidia kuzisimamisha, kisha wakasaidia kuzila. Nilifika Mchafukoge Ijumaa mchana na magunia matatu. Na Alhamisi ya kabla yake nilikuwa nimechelewa pia, jipu likiwa kwa Fundi. Yule mwenye duka alinitazama kwa upole sana, upole ule wa mtu aliyekwishanunua kwa mwingine.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye baraza la kona ya Sikukuu, mahali wanaume walipokunywa kahawa baada ya alasiri. Fundi alikuwepo, kikombe mkononi. Sikutoa salamu, na yeye ni mkubwa wangu. Nikamwambia mbele ya wote kuwa yeye si fundi bali mpiga ramli, ananilalia na mwiko wake ili nirudi kila wiki. Nikamalizia, "Kazi yako yote hiyo haifiki bei ya kikombe cha kahawa."

Fundi aliweka kikombe chini, kahawa imo nusu, akainuka, akapanda baiskeli yake. Mnyororo ukachomoka palepale. Akainama, akaurudisha kwa kijiti, watu wote wakitazama, akaenda zake.

Neno la barazani Kariakoo halihitaji posta. Kufikia mwisho wa mwezi madereva wa teksi walikuwa wameanza kupeleka magari Ilala. Hawakumchukia, ila nani apeleke gari kwa mtu aliyeitwa mpiga ramli mchana kweupe? Mimi nililipeleka jipu kwenye gereji kubwa yenye bati na kengele. Walikaa nalo wiki mbili, wakafungua giaboksi yote, wakaniandikia karatasi ndefu ambayo nilimpa karani wangu aisome. Zulia langu walilitia ndani ya mfuko, kwa adabu, na wakalirudisha siku ya kunikabidhi. Karatasi ilisema gari ni zima. Nje ya lango lao likasaga.

Basi ikaja masika. Nilikuwa navuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, maji yakaingia mpaka kwenye kiti. Nilipofika nyumbani nilitoa zulia, jamvi na gunia, nikavianika juu ya bati. Siku tatu nzima niliendesha juu ya chuma kitupu, nimekasirika, na katika siku hizo tatu gia haikugoma hata mara moja. Nilipanda Pugu nikiimba. Nikasema moyoni kwamba maji ya Msimbazi yana dawa.

Siku ya nne vyangu vikakauka. Nikatandika. Nikawasha. Ya pili ikagoma.

Nilikaa pale mbele ya nyumba, mkono kwenye gia, kwa muda ambao sitautaja. Kisha nikashuka, nikatoa vyote. Ikaingia. Nikarudisha. Ikagoma. Nikatoa. Mke wangu alikuwa dirishani ananitazama, maana wakati huo nilikuwa nimevua na kutandika mara nne.

"Baba Zuhura," akasema, "unaliogesha au unalivisha?"

Nikainama, nikabonyeza klachi kwa mkono. Pedeli ilishuka, ikashuka, ikafika juu ya maua mekundu, ikakaa pale kama bibi harusi juu ya godoro. Chini yake ilibaki inchi nzima ya zulia, jamvi na gunia, na klachi haiachi mpaka pedeli ifike chini. Gari halikuwa na ugonjwa. Kila fundi aliyelijaribu alilivua kwanza kwa heshima yangu, akalijaribu likiwa uchi, likafanya kazi. Kisha akalivisha kwa heshima ileile, akanipa.

Sasa, mtu mwingine angekwenda siku hiyohiyo kuomba radhi. Mimi ni mtu wa kufikiri. Nilifikiri wiki sita. Hakuna aliyejua isipokuwa mke wangu, na mke wangu alisema neno moja tu kila jioni nilipovua viatu mlangoni: "Na mwiko?" Nililikunja zulia, nikaliweka stoo. Nazi zikafika Alhamisi, kabla ya adhuhuri, na taratibu yule wa Mchafukoge akaanza kunipokea tena. Mambo yangu yakanyooka. Ndipo nikasikia kuwa Fundi anauza jeki.

Nilimkuta uani. Banda lilikuwa tupu, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, anazibua jiko la mafuta la mama mmoja jirani kwa sindano. Majiko mengine matatu yalikuwa yamepangwa ukutani, na cherehani moja. Mwiko ulikuwa umening'inizwa mlangoni. Mimi nimebeba zulia begani, limeviringishwa pamoja na jamvi na gunia, jasho linanitoka.

"Shikamoo, Fundi."

Aliitoa sindano. "Marahaba, Bwana Asali. Unahama?"

Nikamwambia njoo barabarani, nilipoliacha jipu. Akanawa kwanza, majivu na ndimu, nikangoja. Nikalitandaza zulia na vyote vya chini yake mbele ya macho yake, nikamkalisha kwenye usukani, nikamwambia aweke mguu. Akavua viatu. Akakanyaga. Akasukuma gia, ikalia. Akatazama chini. Akaweka mkono chini ya pedeli, akapapasa zulia, akapapasa jamvi, akapapasa gunia, polepole, kama mtu anayehesabu mbavu za ng'ombe wa kununua.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu manne. Yeye alikaa tu, mkono chini ya klachi, kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Nilikuuliza," akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Nilikuuliza umeongeza nini."

"Zulia si gari, Fundi."

"Na mimi nikalikunja. Mara tatu nikalikunja mwenyewe na mke wangu, nikaliweka kwenye kitanda changu kama mgonjwa." Akatikisa kichwa. "Nusu ya kosa ni yangu. Miaka yote hii naogopa kuchafua vitu vya watu, sikupata kujiuliza vitu vyenyewe vinafanya nini."

Hilo ndilo lililonishangaza, nakiri. Nilikuwa nimemvunjia nyumba, naye anajitafutia nusu ya kosa. Nikatia mkono mfukoni. Nilikuwa nimekuja na fedha ya kutosha, noti, nimezifunga kwenye leso. Nilitaka nimlipe kazi zote tatu, na jeki, na miezi yake ya majiko. Akaushika mkono wangu ukiwa bado mfukoni.

"Fedha hairudishi kitu kile," akasema. "Neno uliliweka kwenye kahawa. Kaliondoe kwenye kahawa. Siku ile walikuwepo watu kumi na wawili pamoja nami, na mwenye birika wa kumi na tatu. Nawajua wote. Ulisema kazi yangu haifiki kikombe. Basi mpe kila mmoja kikombe, useme imefika."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Ilibidi tungoje siku mbili mpaka wote kumi na wawili wapatikane, maana mmoja alikuwa Kigamboni kwa mazishi, na Fundi alikataa tuanze bila yeye. Siku ya tatu, baada ya alasiri, nilisimama kwenye baraza la kona ya Sikukuu, mtu mwenye duka la milango miwili, nikalitandaza zulia langu jekundu chini mbele yao, na jamvi, na gunia. Nikaeleza yote tangu mwanzo, nazi, mlima, bonde, na mara zote nilizovua na kutandika. Walinisikiliza kama watu wanaosomewa hukumu mpaka nilipofika kwenye pedeli na godoro. Baada ya hapo sikusikika tena. Dereva mmoja wa teksi alilala chali juu ya zulia langu akiniomba nimkanyage aone kama gia itaingia. Fundi yeye alikuwa anakunywa kahawa yake polepole, macho amefumba, na mtu akamuuliza, "Fundi, limeiva?"

"Sasa limeiva," akasema. "Chumvi imekolea."

Kesho yake asubuhi kulikuwa na teksi mbili chini ya banda, na ya tatu inangoja nje. Jeki haikuuzwa. Zulia lilibaki kwake. Alisema analitaka, la kulalia chini ya magari, na nililiona miaka mingi baadaye, jeusi kwa oili, maua hayaonekani.

Watu wananiuliza ugonjwa ule wa jipu ulinigharimu kiasi gani, wakidhani nitataja gereji yenye kengele na sahani ya klachi. Hizo zilikuwa fedha za kutengeneza kisicho kibovu, sizihesabu. Kazi yenyewe niliilipia pale barazani, mkononi mwa mwenye birika, wengine wakiwa wamerudia kikombe na Fundi amekunywa vitatu: vikombe kumi na tisa, kila kimoja senti tano. Nilimpa shilingi moja, akanirudishia senti tano. Senti tisini na tano.